Kudos: mwongozo wa kulielewa na kulitumia neno la Kiingereza la heshima na sifa

Ukifanya kazi kwenye ofisi inayoandikiana kwa Kiingereza, neno "kudos" umeshakutana nalo. Meneja anaandika "Kudos to the field team", na wenzako wanajibu kwa emoji za makofi. Wiki ijayo unasoma kwenye gazeti la Uingereza kwamba kazi fulani "has a lot of kudos but pays badly", na hapo ile tafsiri ya "hongera" uliyoizoea inakwama. Kazi haiwezi kuwa na hongera nyingi na mshahara mdogo.

Shida ni kwamba neno hili lina maana mbili, na wengi wetu tumefundishwa moja tu. Tuliyoachiwa pembeni ndiyo kongwe, na kwa maoni yangu ndiyo tamu zaidi: heshima anayoipata mtu kwa jambo alilolifanya. Hatua zifuatazo ni kwa yeyote anayeandika Kiingereza kazini, anayetafsiri kwenda Kiswahili, au anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza na hataki kubahatisha.

Hatua ya kwanza: tahajia na matamshi

Linaandikwa k-u-d-o-s, na hiyo "s" ya mwisho ni sehemu ya neno, si alama ya wingi. Usiandike "kudus". Hilo ni neno jingine kabisa, wingi wa jina la Kiingereza la yule mnyama tunayemwita tandala.

Waingereza hutamka "kyudos", na "s" ya mwisho inasikika kama "s". Wamarekani wengi husema "kudouz", sauti ya mwisho ikiwa "z", ingawa wapo wanaobaki na "s". Yote mawili yanakubalika. Chagua moja uende nayo.

Hatua ya pili: jua lilikotoka

Hatua hii usiiruke, kwa sababu asili ya neno ndiyo inayoeleza maana zake zote mbili na ubishi wote wa sarufi unaolizunguka.

Neno ni la Kigiriki cha kale, "kydos", na maana yake ni utukufu, hasa ule wa vitani. Kwenye utenzi wa Iliad wa Homer, kydos ni kitu ambacho miungu humpa shujaa: anapopewa, siku hiyo mapigano yanamwendea, na kila mtu uwanjani anaona kwamba leo ni siku yake. Wagiriki walikuwa pia na "kleos", neno lenye asili moja na kitenzi cha kusikia, nalo ni ile sifa inayosimuliwa na kuimbwa hata mtu akishazikwa. Kleos inaishi midomoni mwa watu. Kydos inamng'arisha mtu mwenyewe, pale pale aliposhinda.

Wasomi wa vyuo vikuu vya Uingereza, waliokuwa wakikaririshwa Kigiriki tangu utotoni, walilichukua neno hilo na kulifanya la mtaani kwao. Kufikia karne ya 19 lilikuwa neno la utani wa wanafunzi: fulani amepata kudos kwa kushinda mtihani, au kwa kupiga makasia vizuri. Halikuwa neno la kutumia mbele ya askofu. Polepole likatoka vyuoni. Mwaka 1859, kitabu chake kuhusu asili ya spishi kikiwa bado kwa wachapaji, Charles Darwin aliandika kwenye barua kwamba mwanajiolojia Charles Lyell, aliyekwisha soma karibu nusu yake, amempa "very great kudos". Angalia hapo: hakusema "many". Kwake kudos ilikuwa kitu kimoja kisichohesabika, kama sukari au hekima.

Mabadiliko makubwa yalikuja Marekani kuanzia miaka ya 1920. Magazeti yakaanza kulitumia zaidi kwa maana ya sifa zinazotolewa, yaani pongezi, kuliko heshima anayobaki nayo mtu. Jarida la Time lilikuwa likiorodhesha watu waliotunukiwa shahada za heshima chini ya kichwa "Kudos". Sasa mtu asiyejua Kigiriki akiona orodha ndefu ya majina chini ya neno linaloishia na "s", atafikiri nini? Atafikiri ni wingi. Na kama kuna wingi, lazima kuwe na umoja. Ndivyo alivyozaliwa "kudo", yaani pongezi moja.

Sisi Waswahili hatuna haki ya kushangaa. Tulilipokea "keep left" la Kiingereza kama jina la mzunguko wa barabarani, tukasikia "ki-" mwanzoni, tukasema bila wasiwasi: kiplefti kimoja, viplefti viwili. Tulisikia "mudguard" tukapata madigadi ya gari, na kwa kuwa "ma-" ni ya wingi, moja likawa digadi. Hata kitabu na vitabu ni hivyo hivyo, kwa sababu katika Kiarabu "ki" ya kitabu ni sehemu ya neno lenyewe, si kiambishi. Waingereza nao walishafanya mchezo huo zamani: neno lao la njegere, "pea", lilipatikana kwa kukata sauti ya mwisho ya "pease" iliyodhaniwa kuwa ya wingi, na "cherry" vilevile. Basi "kudo" ina ndugu wengi. Tofauti ni kwamba ndugu zake wameshapewa uraia, yeye bado anasimamishwa mpakani.

Hatua ya tatu: tambua ni maana ipi iliyo mbele yako

Hapa ndipo kazi ilipo. Kabla hujafungua kamusi, tazama maneno yanayolizunguka.

Likifuatwa na "to", na baada ya "to" kuna mtu au kundi, ni pongezi. "Kudos to the nurses who stayed all night." Mwandishi anampa mtu sifa sasa hivi, kwa kinywa chake. Mara nyingi sentensi huendelea na "for" kueleza sababu: kudos to nani, for nini.

Likitanguliwa na vitenzi kama "gain", "earn", "win", "bring", "have" au "carry", kwa kawaida ni heshima. Kitu au mtu anayo, anaipata, au inamjia kutokana na jambo fulani. "Winning the contract brought the firm a lot of kudos." Hakuna aliyesema hongera hapo. Kinachosemwa ni kwamba jina la kampuni limepanda.

"Get" ni ya kuangalia kwa makini, maana huenda pande zote mbili. "She got kudos for the report" yaweza kuwa alisifiwa kikaoni, au amepanda thamani machoni pa watu. Soma aya nzima ndipo uamue.

Kuna jambo moja linalounganisha maana zote mbili, na ukilishika hutalitumia neno hili vibaya tena: kudos daima ina kisa. Lazima pawe na tendo. Mtu hazaliwi na kudos, na hairithi kwa baba yake.

Mfano ulio wazi kabisa ninaoujua ni wa Eliud Kipchoge, Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kabla ya siku hiyo hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuumaliza umbali huo chini ya saa mbili. Lakini haikuandikwa kuwa rekodi rasmi ya dunia, kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi na waongoza kasi 41 walikuwa wakipokezana njiani. Kwa hiyo rekodi hakupata, medali hakupata, nafasi kwenye jedwali hakupata. Alichopata ni kudos, tena ya kutosha kumbeba mtu maisha yake yote. Kwa Kiingereza ungesema: "The run did not count as a record, but it brought him enormous kudos." Na shabiki wa Eldoret angeweza kuandika siku hiyo hiyo: "Kudos to Kipchoge!" Sentensi ya kwanza inaeleza alichobaki nacho. Ya pili inampa cha kwake.

Hatua ya nne: epuka mtego wa umoja na wingi

Nitakuwa mkali kidogo hapa. Usiandike "a kudo". Utaikuta kwenye kamusi za Marekani, utaikuta mitandaoni, na wapo watetezi wake. Lakini ukiiandika kwenye barua ya maombi ya kazi au insha ya mtihani, msomaji mmoja kati ya wanaokusoma atakunja uso, na huenda ndiye anayetoa alama.

"Many kudos" nayo iache. Sema "a lot of kudos" au "great kudos", hizo hazina mgogoro. "Much kudos" ni sahihi kisarufi ila ina harufu ya kizamani. Kuhusu kitenzi, Uingereza wanapendelea umoja, "kudos is due", na Marekani utaona "kudos are due" kwenye magazeti yenye heshima zake. Njia nyepesi ya kukwepa ugomvi ni kutumia muundo usiohitaji kitenzi: "Kudos to the whole team for finishing on time." Hapo hakuna wa kukusahihisha.

Pia si kivumishi. Huwezi kusema "a kudos person" ukimaanisha mtu mwenye heshima. Sema "a job with kudos", yaani kitu chenye kudos.

Hatua ya tano: litofautishe na majirani zake

Kiingereza kina maneno mengi ya heshima na jina, na kila moja lina kona yake.

"Prestige" ndilo linalokaribiana sana na maana kongwe ya kudos, lakini ni zito zaidi na la kudumu. Chuo kikuu cha zamani kina prestige hata mwaka ambao hakikufanya lolote la maana. Kudos inahitaji kuchumwa. Historia yake nayo inafaa kujulikana: "prestige" limetoka kwenye neno la Kilatini la hila za mazingaombwe, na lilipoingia Kiingereza karne ya 17 lilimaanisha kiinimacho na udanganyifu. Maana ya heshima ilikuja karne ya 19. Hata leo ukilisoma kwa makini unaliona bado lina ule mng'ao wa juujuu, wa kupumbaza macho.

"Cachet" ni Kifaransa, asili yake ni muhuri. Linafaa kwa chapa, mitaa na majina: mkoba wenye cachet, anwani yenye cachet. Halina jasho ndani yake.

"Clout" ni nguvu ya ushawishi, uwezo wa kupiga simu moja na jambo likafanyika. Mtandaoni vijana wamelipeleka kwenye kutafuta umaarufu, na kwa maana hiyo Watanzania tuna neno linalokaa sawasawa: kiki. Anayefanya vituko ili azungumzwe anatafuta kiki, hatafuti kudos.

"Status" ni hadhi, ngazi aliyopo mtu katika jamii. "Reputation" ni jina, nalo laweza kuwa zuri au baya. Kudos haiwezi kuwa mbaya.

Hatua ya sita: litafsiri kwa Kiswahili kinachopumua

Kiswahili kina utajiri hapa, na inaniuma ninapoona kila kudos inageuzwa "hongera" kama vile hatuna kingine.

Kwa maana ya pongezi, kwenye maandishi ya kawaida tumia "pongezi kwa" au "heko kwa". Heko inafaa sana kwenye vichwa vya habari, ni fupi na ina nguvu. Kenya, "kongole" ni la kila siku na msomaji wa huko atalifurahia. Kwenye mitandao ya Tanzania, "apewe maua yake" limeshika nafasi hiyo kabisa. Ukitafsiri chapisho la vijana, "Kudos to the DJ" ikawa "Di-jei apewe maua yake", hakuna atakayehisi ni tafsiri.

Kwa maana ya heshima, chaguo linategemea nani anaipata na mwandishi anaionaje. Mtu aliyepata kwa haki, "amejijengea heshima" au "amejizolea sifa". Kampuni au taasisi, "imejijengea jina". Nchi au shule, mara nyingi "fahari" inakaa vizuri. Na kama mwandishi anasema kwa kejeli kwamba mtu anafanya jambo ili asifiwe, tuna "ujiko", neno la mtaani lililobeba wazo lote kwa silabi tatu. "He only volunteers for the kudos": anajitolea kutafuta ujiko tu. Sijaona tafsiri nyingine inayoikaribia. Ila kwenye ripoti rasmi usiliweke. Huko andika "kutafuta sifa".

Tuchukue sentensi moja tuifanyie kazi, yenye maana zote mbili ndani yake:

"The bank gained a lot of kudos from sponsoring the race, but the real kudos should go to the volunteers who handed out water."

Rasimu ya haraka huwa hivi: "Benki ilipata pongezi nyingi kutokana na kufadhili mbio, lakini pongezi za kweli zinapaswa kwenda kwa wanaojitolea waliogawa maji." Kila neno limetafsiriwa na bado msomaji anakwama. "Kupata pongezi" kunamfanya afikiri watu walikuja benki na kadi za hongera. "Zinapaswa kwenda kwa" ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Kwanza tenganisha. Kudos ya kwanza imetanguliwa na "gained": ni heshima, na mwenye kuipata ni taasisi, kwa hiyo ni jina. Ya pili inaenda kwa watu: ni pongezi. Halafu tazama mwandishi anakoegemea. Neno "real" linaonyesha kwamba moyo wake uko kwa waliogawa maji, basi nao wakae mwisho wa sentensi, mahali pa uzito:

"Kufadhili mbio hizo kumeijengea benki jina, lakini wanaostahili pongezi hasa ni wale vijana wa kujitolea waliokuwa wakigawa maji."

Nimeongeza "vijana" kwa sababu tuseme habari yenyewe imewataja hivyo. Kama haijawataja, "watu waliojitolea kugawa maji" inatosha. Neno moja la Kiingereza limekuwa mawili ya Kiswahili, na hakuna kilichopotea.

Sentensi nyingine inayowasumbua wengi: "I did the work and he got the kudos." Usiende mbali. "Kazi nimefanya mimi, sifa kachukua yeye." Ile ya mshahara tuliyoanza nayo: "Kazi yenyewe ina heshima kubwa, ila malipo yake duni", au ukitaka ya kijiweni, "kazi ina jina lakini haina hela".

Mahali pamoja ambapo ningeliacha neno kama lilivyo ni kwenye programu ya Strava, inayotumiwa na wakimbiaji na waendesha baiskeli. Pale kudos ni jina la kitufe, kile cha dole gumba ambacho mwenzako anakibonyeza akiona umemaliza mazoezi yako. Kinahesabika, namba inaonekana pale chini ya mbio zako. "Nimepata kudos 40 leo" ni Kiswahili kinachoeleweka kwa watumiaji wake, na kuwatafutia tafsiri ni kuwapotezea kitufe.

Hatua ya saba: jua lini lisitumike

Kudos ni neno la kirafiki. Halijawahi kuacha kabisa ule uchangamfu wa wanafunzi. Kwenye barua pepe ya timu, hotuba fupi ya kumaliza mradi, au maoni chini ya kazi ya mwenzako, linafaa. Kwenye barua kwa balozi, hukumu ya mahakama au tamko la serikali, tumia "commendation" au "congratulations".

Linaposemwa kwa mtu aliyekuzidi cheo au umri, tahadhari. "Kudos to you, sir, for your speech" inaweza kusikika kama wewe ndiye unayempa alama. Sisi tuliolelewa kumwamkia mkubwa kwanza tunaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Kwa mkubwa, eleza ulichojifunza kwake: "I learned a great deal from your speech." Sifa imefika, na adabu imebaki.

Angalia pia tukio lenyewe. Harusi, kupata mtoto, siku ya kuzaliwa: hizo ni za "congratulations" au salamu nyingine za heri, maana kudos inataka jitihada iliyofanyika. Mwenzako akihitimu, unaweza kusema yote mawili, ila kila moja kwa sababu yake: "Congratulations on your degree" kwa shahada yenyewe, na "kudos for doing it while raising two children" kwa njia aliyopitia. Vihusishi navyo havibadilishani: ni congratulations "on", kudos "for".

Na kwenye msiba usilitumie, hata kama unataka kuwasifu waliomuuguza marehemu kwa miezi mingi. Hata ukiwa na nia njema, neno lina furaha ndani yake. Andika kwamba mliuguza kwa upendo, "you cared for him with great love", na Kiswahili chake ni kile kile tunachowaambia wafiwa: mmemuuguza, Mungu awalipe.